Jirani na ndugu si kitu kimoja: kuelewa duara ya kenti mu muziki



Leo tuache kidogo mambo ya kutafuta kazi, tuongee muziki. Wengi kati yetu wanapiga kitu: piano ya kanisa, gitare, gitare ya besi, ao wanaimba mu korale. Na wengi tuko na siri moja yenye hatupendi kusema: tunajua gamu moja tu. Mimi nilikuwa hivyo miaka mingi, na siri yangu ilitoka inje siku ya ndoa ya watu.

Nilijifunza piano kwa kuangalia mikono ya wakubwa. Nyimbo zote nilizipiga mu Do, ju tushi nyeupe hazina fujo. Kama mwimbishaji ameanzia juu ao chini, nilibonyeza ile kitufe ya kutranspoze: piano inapanda ao inashuka, vidole vyangu vinabaki palepale. Hakuna mtu aliyejua. Siku ile bibi arusi alikuwa anaingia, korale iko mu Mi bemoli, piano nimeipandisha nusu-toni 3. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Korale haikunyamaza, na yaya mmoja mwenye gitare isiyo ya umeme akaendelea nayo. Kijana akakimbia kuwasha jenereta, piano yangu ikawaka tena. Lakini iliwaka kwa sufuri! Na mimi, kwa furaha ya kurudi, nikaweka mikono yote miwili kwa Do, kwa nguvu.

Korale iko mu Mi bemoli, gitare iko mu Mi bemoli, mimi peke yangu niko mu Do. Watu wote waligeuka. Bibi arusi naye.

Kisha ibada, yule yaya wa gitare hakunicheka. Alichukua karatasi ya programu ya ndoa, akaigeuza, akachora duara, akaandika majina 12 pembeni yake. Akasema: « Mdogo wangu, hii ukiijua, ile kitufe hutaitafuta tena. » Ilinichukua majuma mengi kuelewa alichora nini. Mimi nimesoma kilimo, sikusoma muziki. Basi naeleza hapa sawa vile ningependa mtu anieleze mimi.

1. Noti 12, na nusu-toni

Angalia piano. Toka Do mpaka Do yenye inafuata kuko tushi 7 nyeupe na 5 nyeusi. Jumla 12, kisha tunarudi kwa jina lile lile: njo tunaita oktavu. Kutoka tushi moja mpaka ile yenye inaigusa, ikuwe nyeupe ao nyeusi, ni nusu-toni. Nusu-toni mbili zinafanya toni moja.

Tushi nyeusi iko na majina mawili. Ile ya katikati ya Fa na Sol inaitwa Fa dieze ukitokea chini (Fa yenye imepanda nusu-toni), ao Sol bemoli ukitokea juu (Sol yenye imeshuka nusu-toni). Tushi ni moja, jina linategemea gamu yenye unapiga.

Kwa wale wanatumia aplikasyo zenye kuandika herufi: La ni A, Si ni B, Do ni C, Re ni D, Mi ni E, Fa ni F, Sol ni G.

2. Kenti ni nini?

Hesabu na vidole: Do moja, Re mbili, Mi tatu, Fa ine, Sol tano. Toka Do mpaka Sol ni noti 5, njo maana umbali huo unaitwa kenti. Lakini kuhesabu majina haitoshi. Kipimo cha kweli ni nusu-toni 7. Hesabu sasa tushi zote, na nyeusi ndani: toka Do mpaka Sol utapata hatua 7.

Sababu gani kenti na si umbali mwingine? Chukua gitare. Kamba moja ukiipiga wazi inatoa noti moja. Ukiigusa kwa chuma cha 12, katikati ya kamba, inatoa noti ile ile lakini juu: oktavu. Sasa bonyeza kwa chuma cha 7. Pima na metre: kipande chenye kinabaki kutetemeka ni karibu 2/3 za kamba yote. Kama kamba ni sentimetre 65, utapata karibu 43. Ile sauti njo kenti. Kisha oktavu, hakuna noti mbili zenye zinasikilizana kuliko Do na Sol wake. Sikio la mwanadamu linazisikia kama watu wa nyumba moja. Hilo neno, nyumba moja, mulishike, tutarudi kwake.

3. Tuchore duara

Chukua karatasi na bik. Chora duara kubwa kama saa ya ukuta, na namba 1 mpaka 12. Kwa namba 12, juu kabisa, andika Do. Kisha panda kenti moja moja, ukifuata njia ya mishale ya saa:

12: Do
1: Sol
2: Re
3: La
4: Mi
5: Si
6: Fa dieze (ao Sol bemoli)
7: Re bemoli
8: La bemoli
9: Mi bemoli
10: Si bemoli
11: Fa

Na kutoka Fa, kenti moja tena, unarudi kwa Do. Umemaliza mzunguko.

Fikia hapa kwa namba 5, ju wengi wanaangukia pale. Toka Si, ukihesabu majina matano kwa tushi nyeupe unafika kwa Fa. Lakini hesabu nusu-toni: ni 6 tu! Inakosa moja. Njo maana kenti ya Si ni Fa dieze. Ni mlango wenye unatutoa kwa tushi nyeupe na kutuingiza kwa nyeusi.

Na sababu gani tumepitia noti zote 12 bila kuruka hata moja? Ni hesabu ya shule ya msingi. 7 na 12 hazina namba yenye inazigawanya zote mbili, isipokuwa 1. Jaribu na umbali wa nusu-toni 4: Do, Mi, Sol dieze, kisha Do tena. Umezunguka mara tatu tu, umerudi nyumbani, noti 9 haukuziona. Lakini kwa 7 unatembelea kila nyumba ya mtaa mbele ya kurudi kwako.

4. Kila gamu ni mstari wa watu 7

Hapa njo moyo wa mambo, na njo kitu nilichelewa kuona.

Gamu ya Do iko na noti 7: Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si. Zitafute sasa kwa duara yako. Fa iko kwa 11, Do kwa 12, Sol kwa 1, Re kwa 2, La kwa 3, Mi kwa 4, Si kwa 5. Unaona? Zinafuatana zote 7, hakuna nafasi ya wazi kati yao. Moja iko nyuma ya Do, tano ziko mbele yake.

Waza watu 7 wameshikana mikono, wamesimama juu ya duara. Waambie wasogee hatua moja mbele, ili kiongozi akuwe Sol. Mtu wa nyuma kabisa, Fa, anatoka. Mbele anaingia mpya, Fa dieze. Wengine 6 ni wale wale. Ile njo gamu ya Sol: Sol, La, Si, Do, Re, Mi, Fa dieze. Dieze moja tu.

Sogea tena hatua moja: tuko kwa Re. Do anatoka, Do dieze anaingia. Dieze mbili. Hivi:

Do: hakuna dieze
Sol: 1
Re: 2
La: 3
Mi: 4
Si: 5
Fa dieze: 6

Namba ya saa njo hesabu ya dieze! Na zinaingia kwa mpango huu: Fa, Do, Sol, Re, La, Mi. Angalia duara: ni mpango ule ule wa kenti, kuanzia kwa Fa. Hakuna kitu cha kukariri sawa silabisi usiku wa kuamkia ekzame.

Ukirudi nyuma, njia yenye mishale ya saa haipendi, ni bemoli zenye zinaingia. Fa iko na moja (Si bemoli), Si bemoli iko na 2, Mi bemoli 3, La bemoli 4, Re bemoli 5, Sol bemoli 6. Mpango wao ni kinyume: Si, Mi, La, Re, Sol, Do. Chini kabisa, kwa namba 6, njia mbili zinakutana: Fa dieze na Sol bemoli ni tushi zile zile.

5. Jirani na ndugu

Sasa turudi kwa lile neno, nyumba moja.

Kwa piano, Do na Re bemoli zinagusana. Ni jirani wa parseli, ukuta mmoja. Mtu anaweza kuwaza: kutoka gamu ya Do mpaka gamu ya Re bemoli ni kidogo tu, nusu-toni moja. Lakini angalia duara: Do iko kwa 12, Re bemoli iko kwa 7. Wako mbali! Gamu zao mbili zina noti 2 tu zenye zinafanana: Do na Fa. Wakati Do na Sol, wenye kwa piano wako mbali na nusu-toni 7, wanafanana noti 6 juu ya 7.

Piano inakuonyesha nani anakaa karibu na nani. Duara inakuonyesha nani ni ndugu ya nani. Kama vile mu mtaa: jirani wa ukuta mnaweza kusalimiana miaka kumi bila kula pamoja, na ndugu wa ukoo anatoka mbali na anaingia mpaka jikoni.

Njo maana, mwisho wa wimbo, korale ikipanda nusu-toni moja, kanisa lote linashituka na kusimama. Mumetoka nyumbani, mumeingia kwa wageni. Na kama unataka kuwapitisha watu bila kuwaangusha, duara inakuonyesha mlango: piga kwanza akori ya ndugu wa mbele wa gamu yenye unaendea. Unaenda Re bemoli? Pitia La bemoli. Ndani ya akori ya La bemoli muko noti ya Do, yenye masikio yangali nayo. Inawashika mkono na kuwavusha.

6. Akori tatu, na wake zao

Nyimbo mingi zenye tunaimba, za kanisa na za seben, zinasimama juu ya akori tatu. Mu Do ni Do, Fa na Sol. Tafuta kwa duara: Do iko katikati, Fa iko nyuma yake, Sol iko mbele yake. Ni ndugu wawili wa karibu. Sol anataka sikuzote kurudi kwa Do. Njo maana wimbo ukisimama kwa Sol unasikia kama mtu ameacha neno katikati.

Hiyo sheria haibadilike. Uko mu Re? Ndugu ni Sol na La. Uko mu La? Ndugu ni Re na Mi. Uko mu Si bemoli? Ndugu ni Mi bemoli na Fa. Usihesabu, usikariri: weka kidole kwa duara, angalia kushoto na kuume kwa kidole.

Kisha kuko akori za minere, zile zenye sauti ya huzuni. Kila gamu ya majere iko na minere yake yenye wanatumia noti zile zile. Kuipata, hesabu hatua 3 mbele. Toka Do: Sol, Re, La. Basi ni La minere. Toka Fa: ni Re minere. Toka Sol: ni Mi minere. Chora duara ndogo ndani ya ile kubwa, uandike kila minere chini ya majere yake. Nyumba moja, bwana na bibi.

Sasa kwa kuweka kidole kwa Do, unaona akori 6 zenye zinatosha kwa nyimbo mingi sana: Fa, Do, Sol juu; Re minere, La minere, Mi minere chini yao. Zote ziko pamoja kwa kona moja ya karatasi.

7. Turudi kwa ndoa

Wimbo wenye uliniaibisha ulikuwa na akori ine: Do, La minere, Fa, Sol. Hivyo njo vidole vyangu viliujua. Sasa mwimbishaji yuko mu Mi bemoli. Tufanye nini bila kitufe?

Weka kidole kwa Mi bemoli, namba 9. Nyumbani: Mi bemoli. Minere yake, hatua 3 mbele: 10, 11, 12, ni Do minere. Ndugu wa nyuma: La bemoli. Ndugu wa mbele: Si bemoli. Basi wimbo ni Mi bemoli, Do minere, La bemoli, Si bemoli. Umemaliza. Sekunde kumi. Umeme ukatike, urudi, usirudi, wewe unajua kwenye uko.

Wapiga besi, nyinyi muko na bahati: kamba zenu 4, toka ile nene, ni Mi, La, Re, Sol. Angalia duara: 4, 3, 2, 1. Ni duara yenyewe inarudi nyuma! Kamba yenye inafuata upande wa nyembamba, kwa chuma kile kile, njo ndugu wa nyuma. Kila siku munashika duara mkononi bila kujua.

8. Nani aliichora?

Wanapenda kusema ni Pythagoras, ju Wagiriki wa zamani walijua hesabu ya 2/3 za kamba. Lakini duara yenyewe, na gamu zimepangwa juu yake, inaonekana mu kitabu cha Nikolai Diletsky, mtu wa Kyiv, mu miaka ya 1670. Mjerumani Johann David Heinichen aliitoa naye mu kitabu chake cha 1728.

Na kuko siri moja ya mwisho: kwa kweli duara haifungike yenyewe. Ukipanda kenti 12 safi, kila mara ukizidisha na 3/2, unafika kwa 129,75. Oktavu 7, kila mara ukizidisha na 2, zinafika kwa 128. Inapita kidogo. Wenye kutengeneza piano walikubali kupunguza kila kenti kidogo sana ili mlango ufungike. La ya 440 ingekuwa na kenti ya 660. Kwa piano utapata 659,26. Sikio halilalamike, na gamu zote 12 zinapigika kwa chombo kimoja.

9. Namna ya kuanza

Juma la kwanza, usipige kitu. Chora duara kila siku bila kuangalia, mpaka uiandike kwa dakika moja.

Juma la pili, kamata wimbo mmoja wa akori tatu wenye unajua vizuri. Upige mu Do, kisha mu Sol, kisha mu Fa. Basi. Ni ndugu, vidole havitaumia sana.

Kisha hapo, kila juma hatua moja mbele na hatua moja nyuma: Re na Si bemoli, La na Mi bemoli. Kisha juma ine umefika kwa gamu 7, na karibu waimbishaji wote utawakuta humo. Zile 5 za chini zitakuja nyuma, na hazitakutisha tena.

Kitufe ya kutranspoze si dhambi, mimi ningali naitumia siku nimechoka. Lakini kuko tofauti kati ya mtu mwenye anaibonyeza ju anapenda, na mtu mwenye anaibonyeza ju hana njia ingine. Mu masomo yetu pia tumeona hiyo tofauti: wenye walijua jibu, na wenye walijua jibu linatoka wapi. Swali likigeuzwa kidogo tu, wa kwanza wananyamaza.

Ile karatasi ya ndoa ningali nayo, imekunjwa mu kifuniko cha piano. Mwezi uliopita umeme ulikatika tena katikati ya wimbo, tuko mu La bemoli. Jenereta ikawaka, nikaingia. Hakuna mtu aliyegeuka.